Dada Aliniuliza Kama Nimeelewa, Nikasema Ndiyo

Mpendwa mshauri, kabla hujanisaidia ujue kwanza unamsaidia nani, maana mtaa huu mzima hakuna anayeijua sheria kunizidi, na shule niliishia kidato cha pili kwa sababu walimu walikuwa wananichelewesha. Mimi ni kinyozi, mtu akikaa kwenye kiti changu anaondoka na kichwa safi na haki zake zote mkononi.

Ujuzi huo nautoa kwa dada yangu. Anasoma sheria chuo kikuu, na kila mwezi anaandika ukurasa kwenye gazeti la wanachuo, kuwaeleza watu wa kawaida sheria za siku hizi, nalo linagawiwa bure mpaka saluni kwetu. Kabla hajaupeleka ananisomea mimi kwanza, nikikunja uso anafuta anaandika upya, anasema, "Ukielewa wewe, mdogo wangu, hata ukuta utaelewa," nami namjibu, "Bila huu ukuta nani angekusoma?" tunacheka mpaka wateja wanauliza kulikoni.

Mwezi uliopita kaandika kuhusu wapangaji, akafika hapa: "Pingamizi la mpangaji liwasilishwe katika Baraza la Nyumba ndani ya siku kumi na nne tangu kupokewa kwa notisi." Saluni imejaa, vijana wote macho kwangu, dada akauliza, "Hapo umeelewa?" nikamwambia, "Dada, hiyo si ya chekechea?" Akafurahi, ikachapwa vilevile.

Sasa jirani yetu fundi cherehani, mama mmoja mjane anayelea wajukuu wawili kwenye chumba hichohicho anachoshonea, mwenye nyumba kampa notisi atoke, eti anataka kumfungulia mwanawe duka. Mama wa watu akaja na gazeti na notisi. "Baba, hizi siku kumi na nne ni za nani?" Nikasafisha koo kama hakimu. "Za mwenye nyumba, mama. Asipokwenda kujieleza barazani, karatasi yake imekufa. Wewe shona tu." Akanibariki, akaitia notisi kwenye kopo la vifungo, anashona mpaka leo, na leo ni siku ya kumi na moja.

Jana nilikuwa namnyoa karani wa hilo baraza, nikamchokoza kwa maswali, akaniambia anayetakiwa kwenda ni mpangaji, siku zikipita hasikilizwi tena. Nikimwambia mama fundi, heshima yangu imekwisha, nikimwambia dada, hatanisomea tena, na mshauri, hakuna kitu nakipenda kama kusomewa na dada. Nilitaka lawama nimtupie yeye na Kiswahili chake cha mahakamani. Lakini aliniuliza. Sikuelewa kitu, nikasema nimeelewa.

Kinyozi, barua nimeileta mwenyewe hapo redioni.

MSHAURI ANAJIBU

Kijana wangu, umenichekesha, halafu ukanipandisha hasira. Unalilia heshima ya saluni, na mwenzio anaweza kukosa pa kuwalaza wajukuu, tena hana hata wasiwasi, maana umemtuliza wewe!

Dada yako hakukuchagua kwa wingi wa akili, usijidanganye. Wala hakukuona mjinga. Anauamini uso wako, na siku hiyo ulimficha uso. Hilo ndilo litakalomuuma, na anakupenda, litapita.

Barua yako nimeifungua leo, siku ya kumi na mbili. Mpigie dada sasa hivi, usimtumie ujumbe. Atafoka, mwache afoke. Kisha mwende wote kwa mama fundi, uanze kusema wewe, dada aandike pingamizi kwa maneno ambayo mama mwenyewe anayaelewa, atie saini, mlifikishe barazani leo hii kabla hawajafunga. Funga saluni, nywele za watu hazitakimbia. Toleo lijalo dada asahihishe sentensi ile gazetini, nawe ukae mbele yake ukunje uso kila usipoelewa, hata watu wakijaa mpaka mlangoni.

Mama fundi akikuita mpumbavu, itika, halafu mshike mkono mwondoke. Zimebaki siku mbili.