Mgeni kwa Wanangu

3 Machi 1969

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumai goti limepunguza maumivu. Huku miili ni mizima, mioyo ndiyo haipo. Serikali mpya imetangaza redioni kwamba sote tuliozaliwa ng'ambo ya mto ni wageni, turudi makwetu kabla mwezi haujaisha. Kiwandani msimamizi amenitoa kwenye mashine ya nyuzi watu wakitazama. "Mama, wewe si wetu tena." Baba watoto alikwenda ofisini kuniombea. Wamemwambia mke aondoke, watoto wabaki, ni wa baba yao. Hata huyu anayenyonya! Nifanyeje, mama?

Mwanao

11 Machi 1969

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lilelile, tuliache. Njoo! Usifanye mchezo na watu wenye bunduki. Kila siku nasimama darajani nawaona mabinti wa watu wakivuka na magodoro kichwani. Mfunge mdogo mgongoni. Wakikuuliza, sema ni wa dada yako wa huku. Mkubwa atalelewa na baba yake. Najua nasema neno zito. Chumba chako nimekwisha kukifagia.

Mama yako

20 Aprili 1969

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukusimamisha darajani bure. Nilishindwa. Mama mkwe amenificha stoo, nyuma ya magunia ya mkaa, na majirani amewaambia nimeondoka. Watoto nao wamedanganywa hivyohivyo. Mdogo akilia, maziwa yananichuruzika mpaka tumboni. Naletewa akishasinzia, nimnyonyeshe asinitambue. Juzi kikohozi kilinishinda. Mkubwa akauliza, "Bibi, kuna nani stoo?"

"Panya."

"Panya anakohoa kama mama?"

Niliuma nguo nisitoe sauti. Ukiandika, weka jina la mama mkwe juu ya bahasha.

Mwanao

9 Mei 1969

Mama,

Shikamoo. Mambo yameharibika. Mkubwa amewasimulia wenzake shuleni kuwa kwao kuna panya anayekohoa kama mama yake. Maskini, alitaka kuwachekesha tu. Askari walikuja kupekua. Mama mkwe alinitoa dirishani, nikajibanza chooni kwa jirani. Waliponikosa wakambeba baba watoto: hatoki mpaka nijitokeze.

Kesho najitokeza. Wanaokamatwa huvushwa Alhamisi kwa lori la polisi. Nisubiri, mama. Nakuja mikono mitupu.

Mwanao

17 Mei 1969

Mwanangu,

Hata kukuuliza hali naogopa. Alhamisi lori lilikuja, wanawake wakashuka wote, wewe hukuwemo. Nilipiga kelele nikiita jina lako mpaka askari akanisukuma. Ndipo mmoja wa wale wanawake, muuza mboga, akanishika bega. "Mama, binti yako aliposikia mumewe kaachiwa, aliruka kwenye kona kabla ya daraja. Alikimbilia mjini. Walipiga risasi. Hatukuona kama zilimpata."

Nilikutukana, mwanangu, palepale mbele za watu. Nikasema mtoto huyu hana akili, kaniacha hivihivi. Kisha nikakaa chini nikalia, maana mimi ningeruka mapema kuliko wewe.

Barua hii nampa dereva wa gari la wagonjwa aifikishe kwa mama mkwe wako, yeye bado anaruhusiwa kuvuka. Ni ya mwisho. Stempu ya huku itawaleta askari mlangoni kwako. Usinijibu, hata ukiwa mzima. Nami nikinyamaza, usidhani nimekasirika, wala usidhani nimekufa.

Siku wakilifungua daraja, njoo na wanao. Mje mchana, katikati ya barabara, mkiongea kwa sauti.

Mama yako