Sufuria Uliyoingia Nayo Dukani

Mama,

Jiko la kioo limepasuka. Naanza na hilo kwa sababu ndilo rahisi kusema.

Ulizoea kuniambia, "Jiko huchaguliwa na sufuria, si macho." Mimi nilichagua kwa macho. Tunapanga maombi ya kukukumbuka, nami kwa kiherehere changu nikawaahidi akina mama wa kanisa kwamba kila mmoja ataenda nyumbani na chupa ya jamu ya mananasi kama ile yako. Jiko lako la kuni lilibomolewa na mvua, basi nikaenda Busia mjini nikanunua la gesi, lenye kioo cheusi juu, linang'aa hadi unajiona meno. Nilipoweka sufuria yako kubwa, ilifunika jiko lote. Nikapanga chupa za jamu ndani yake juu ya kitambaa ulivyonifundisha, nikajaza maji hadi yakapita vifuniko ili zichemke na kuziba, nikawasha. Hata hayajachemka vizuri, nikasikia pwaa! Maji, chupa, jamu, vyote sakafuni. Sikuungua, usijali. Nilikaa kwenye kigoda chako nikalia, wala sikuwa nalilia jamu.

Nilikuwa nalilia siku ile ulipotoka kwetu Bukhayo na sufuria hiyohiyo, ukashuka kwenye boda, ukajitwika kichwani na masizi yake, ukakata katikati ya mji kwenda kuipima kwenye majiko ya dukani. Mimi nilikuwa nimefunga chuo, nimesukwa vizuri, nikawa nakufuata kwa mbali. Mle dukani uliiweka juu ya jiko moja, ukahamia lingine, unalitikisa uone kama miguu itahimili. Muuzaji akacheka, akaniuliza, "Dada, uko pamoja na huyu mama?"

Nikasema, "Hapana, ni jirani tu."

Ulisikia. Najua, kwa sababu uliacha kutikisa. Ukajitwika sufuria yako tukarudi bila jiko. Jioni ukanipakulia ugali na omena, ukasema, "Karibu chakula, jirani." Ukacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe. Hukulitaja tena jambo hilo. Afadhali ungenichapa. Miaka yote nilitaka kukuomba msamaha, nikaogopa kukukumbusha, ukafa nikiwa bado nangoja siku nzuri.

Jumanne sufuria yako niliibeba mimi, kichwani, bila kusugua masizi. Nilipita sokoni watu wakiniangalia, na nisikudanganye, aibu ilinishika. Nikaenda duka lilelile. Nikaipima kwenye majiko manne hadi nikapata la chuma, fupi, lenye moto mmoja mpana, halitikisiki hata nikiliegemea. Sura halina. Muuzaji, si yule wa zamani, akauliza, "Madam, na hii sufuria yote ni ya nani?"

"Ya mama yangu!" nikasema, hadi waliokuwa mlangoni wakageuka. Wote walisikia, Mama, isipokuwa wewe.

Leo chupa mpya za jamu zimechemka bila moto kukatika. Zimeziba zote. Nimezipanga kwenye kabati lako, na sufuria nimeifunika kwa leso yako ya kijani.

Pumzika sasa. Siku ya maombi, kabla sijagawa chupa hata moja, nitasimama mbele ya watu niwaambie nilivyojibu dukani, mara ya kwanza na mara ya pili. Nisamehe, Mama.

Ni mimi, mtoto wako.