Barua ya Mkutubi wa Kwanza

Jumatatu, 2 Februari
Nimefungua maktaba saa tatu. Kwanza vitabu vilivyorudishwa, kisha masanduku ya karatasi za Cora Whitlow, mkutubi wa kwanza wa mji huu mdogo wa Kimarekani. Denise, bosi wangu, anataka maonyesho ya maisha yake yawe ukutani kufikia Jumamosi. Cora alianza zaidi ya miaka mia iliyopita, na rafu mbili juu ya duka la nafaka. Alipeleka vitabu mashambani kwa gari la farasi, kwenye matope. Hakuolewa. Nampenda huyu mama.

Jumatano, 4 Februari
Leo nimeona kitu masandukuni. Kwa miaka mitatu Cora alimwazima vitabu Lula Tate, mama Mweusi aliyekuwa akifulia watu nguo. Kupitia mlango wa nyuma. Maktaba ilikuwa ya Wazungu peke yao. Bodi ya maktaba ikagundua. Cora akaandika barua: anaomba radhi, Lula hatakanyaga pale tena. Saini imenyooka, haitetemeki. Akabaki kazini hadi uzeeni.

Nimekasirika kana kwamba kanisaliti mimi.

Alhamisi, 5 Februari
Niliiweka barua katikati ya ukuta. Denise akaisoma mara mbili.

"Salma, Jumamosi ni sherehe. Itoe."

Akaongeza kwamba mkataba wangu unaangaliwa mwezi huu. Alisema kwa upole. Upole wenyewe ndio ulioniumiza.

Nimeitoa.

Omar, mume wangu, anasema nimefanya vyema, kazi kama hii haiokotwi. Nimejifungia bafuni nikalia. Cora naye bila shaka alikuwa na mtu wa kumwambia amefanya vyema.

Jumamosi, 7 Februari
Nimefika kabla ya wote. Nimeirudisha barua. Pini zilianguka mara mbili.

Denise aliiona wageni wakiwa wameshaingia. Akaendelea kuwakaribisha. Mama mmoja mzee, Mweusi, mwenye mkongojo, alisimama mbele ya barua muda mrefu. Nikampelekea kiti, akakataa.

"Nani ameiweka hii?"

"Mimi, mama."

Nilidhani atanilaumu.

"Lula alikuwa mama yake bibi yangu," akasema. "Tulihadithiwa kwamba alikuwa msomaji. Sijawahi kuona jina lake limeandikwa popote."

Akaomba nakala. Nika-scan palepale, nikampa mbili.

Jumatano, 11 Februari
Denise ameniita ofisini. Mkataba hautaongezwa. Barua itabaki, kwa sababu mama yule ameiandikia bodi akiomba isiguswe. Sijutii. Naogopa. Yote mawili kwa pamoja, tangu asubuhi.

Sijamwambia Omar.

Alhamisi, 12 Februari
Nimemwambia. Alimaliza kula kwanza. Halafu akauliza kama mama yule alilia. Nikasema hapana. Akasema hata yeye angeiweka. Simwamini sana, lakini amesema.

Ijumaa, 27 Februari
Siku ya mwisho. Mvua nyepesi. Nime-apply kazi kwenye maktaba moja Houston, karibu na mtaa wa Gulfton. Bado kimya.

Mchana nilichapa vibandiko viwili vya ukutani. Chini ya picha: Cora Whitlow, mkutubi. Chini ya barua: Lula Tate, msomaji. Cha pili kilikaa upande. Denise akaja, akakishika kwa vidole viwili mpaka nilipomaliza kukinyoosha.