Kuku Aliyemeza Kaharabu

Mama, shikamoo. Na magoti yako nayo shikamoo.

Dukani kwa Mwarabu mmoja hapa Bujumbura nilikuta shanga za kaharabu za kila rangi. Mzee mwenye duka akaniapia kuwa nyekundu inasafisha damu, nyeupe inatuliza moyo, ya manjano inaponya magoti. Nikakuchukulia shanga moja ya manjano, nono kama punje ya hindi. Alisema niianike kwanza kwenye jua la asubuhi. Nikaianika uani kwa shangazi, mtaani Kanyosha. Kuku wake naye akaona hindi, akaimeza!

Nikaomba tumchinje. Shangazi akamkumbatia: "Apana! Uyu kuku ni dawa sasa!"

Basi majirani wanajipanga foleni kumpakata. Jana babu mmoja alimpakata, akainuka, akatupa fimbo: "Mi napanda mulima peke yangu!" Hata mimi nimempakata, mama, na kiuno kimenyamaza.

Kwa kubembeleza sana, shangazi amenipa nikuletee. Mungu akuweke salama mpaka tufike Ijumaa. Ila nakujua: mgeni akibisha hodi, wewe unatafuta kisu. Safari hii mgeni ndiye kuku.

Mwanao, Zuhura