Mkwe Wangu Alinifundisha Akiwa Mlangoni

Kerubo wangu,

Nimepita! Nilitaka kuanza kwa salamu kama watu wenye adabu, nikuulize hali ya huko, lakini unanijua, habari tamu hainikai mdomoni. Nimepita, dada. Tena si mara moja, mara mbili. Nina vyeti viwili vya kompyuta vyenye muhuri wa Nairobi, na jina lililoandikwa juu yake ni langu mimi, Bosibori, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu mwenye wajukuu wawili.

Unakumbuka siku ile meneja wa kiwanda alipotuita, sisi wapiga chapa wake wawili. Alisema taipureta zinaondoka, kompyuta zinakuja, na asiye na cheti kufikia mwisho wa mwaka atapelekwa kituoni kupima majani ya chai. Ulitoka ofisini unacheka. "Bosibori, mimi na mgongo huu nikainue magunia? Twende Kisii tukasome." Ukajaza fomu zote mbili wewe mwenyewe kwa sababu ulisema mwandiko wangu utawatia hofu. Wiki tatu baadaye homa ikakuchukua kwa siku nne tu. Tulikuzika nyumbani kwako Kiogoro mvua ikitunyeshea, na fomu zilikuwa bado kwenye droo yangu.

Nilisema siendi. Ningeketi na nani? Asubuhi moja nikafungua droo kutafuta karatasi ya kaboni, nikakutana na mwandiko wako, jina langu na lako yameandamana. Nililia, Kerubo. Kisha nikakukasirikia kwa kuniacha na kazi ya watu wawili. Jumamosi iliyofuata nikaenda.

Chuo chenyewe kiko ghorofani, juu ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja pale mjini. Kompyuta ni sita, wanafunzi kumi na wawili, wote watoto wa juzi waliomaliza kidato cha nne. Nikakaa na binti mmoja wa Kiislamu wa pale mjini, Zuhura, msichana mchangamfu. Nimefuta miwani, nimeweka daftari sawa, mlango ukafunguliwa, mwalimu akaingia.

Ombui. Ombui wa Moraa wangu! Mkwe!

Nilijua anafundisha kompyuta, lakini nilijua yuko Kisumu. Kumbe alikuwa ameajiriwa Kisii juma lile lile, na habari haikuwa imefika kwetu Ikonge, huku Nyamira. Aliponiona aligeuka akatoka. Mimi nilikuwa nimekwisha kujificha nyuma ya ile skrini. Darasa lote likageuka kunitazama. Zuhura akaninong'oneza, "Mama, kwani mmegombana?"

Nilimweleza kwamba hatujagombana, tunaheshimiana. Kwetu hiyo inaitwa chinsoni: mama na mume wa binti yake hawashikani mikono, hawaketi karibu, hawali meza moja. Sasa huyu angewezaje kuniinamia begani na kunishika mkono juu ya kile kidude chenye mkia wanachokiita panya? Na chuo kingine hakikuwapo mjini. Nikawa ninaona magunia ya majani yananisubiri. Nikakusikia wewe, siku ya posa ya Moraa, ukinicheka nilivyojibanza jikoni: "Mkwe ni moto, huotwa kwa mbali."

Basi tukauota kwa mbali. Ombui alirudi, akasimama mlangoni, akafundisha darasa lote kutoka pale akitazama dirisha. Kwa wengine alikuwa anakwenda, anawashika mkono, anawabonyezea. Kwangu alitumia mjumbe. "Zuhura, mwambie mama ahifadhi kazi kwenye disketi." Nami: "Zuhura, mwambie mwalimu nimehifadhi." Niko hapo hapo, naye yuko hapo hapo! Ungeanguka chini kwa kicheko, na kitambaa chako cha kichwa kingekuwa kimefika dirishani.

Lakini sikia hili, maana hapa ndipo ulipoingia wewe. Mtu asiyeonyeshwa kwa mkono lazima ashike maneno. Na mimi nilikuwa na hatimkato, ule mwandiko wa alama za haraka. Nani alinifundisha hatimkato? Ni wewe, wakati wa chakula cha mchana, mwaka ule nilioajiriwa, ukinisikilizisha mazungumzo ya watu waliokuwa wakipita nje na kunilazimisha niyanase yote. Nikikawia uliniambia, "Kidole hakina aibu, Bosibori. Kipeleke." Basi kila alichosema Ombui pale mlangoni nilikinasa, hata akikohoa. Nikifika nyumbani nilikuwa ninaketi mezani na ubao wa vifungo niliouchora kwenye katoni, ninafuata daftari neno kwa neno. Baba Moraa alifikiri nimeingiwa na kitu.

Siku ya mtihani wa vitendo msimamizi alitoka Nairobi, mama mmoja mkavu ajabu, na walimu wote wakatolewa nje. Tuingie sita sita, tuandike barua, tupange jedwali, tuchapishe. Nilikuwa nusu ya jedwali mashine yangu ikaganda. Ukibonyeza, kimya. Ya kijana aliye nyuma yangu nayo ikaganda. Akainua mkono akaita, "Mwalimu!" Wengine nao wakaanza kutazama mlango. Mwalimu hakuwapo, na mikono yao ilikuwa imezoea mkono wake.

Mimi mkono wake sikuwahi kuujua. Sitakudanganya, niliona mizani ya chai na mvua ya Nyamira mgongoni. Kisha nikauona akilini ukurasa wa daftari langu, ule wenye doa la chai: vifungo vitatu kwa pamoja, ngoja, washa upya, ita kazi kutoka kwenye disketi. Kidole hakina aibu. Nikabonyeza. Ikawaka! Na kazi yangu ilikuwa salama isipokuwa mstari mmoja, kwa sababu miezi minne mizima Zuhura alikuwa ameniimbia, "Mwalimu anasema uhifadhi."

Matokeo yalipokuja Ombui alitoa vyeti kwa kuwashika watu mikono. Ilipofika zamu yangu akakiweka cheti mezani, akarudi nyuma hatua tatu, akapiga makofi. Nikakichukua. Darasa likaangua kicheko na vigelegele. Akalitazama dirisha lake akasema, "Buya mono, vizuri sana, mama. Umewashinda wote." Hakumtumia Zuhura. Nilishuka zile ngazi kama msichana, nikamnunulia Moraa kitenge pale chini bila hata kuuliza rangi nyingine.

Cheti cha pili, cha mahesabu ya kompyuta, kilifuata miezi sita baadaye. Daftari langu nimelipiga chapa lote, na sasa ndilo wanafunzi wapya wanalosomea. Meza yangu kiwandani bado ni ile ya dirishani. Barua hii nimeiandika kwenye hiyo kompyuta, baada ya kazi, usiniseme. Kitu kimoja tu kinaniuma. Nikikosea, mashine hainicheki. Wewe ungecheka. Nakukosa sana, Kerubo, hasa saa saba mchana.

Sasa nisikilize. Fomu yako sikuitupa. Juzi nilifika Kiogoro, binti yako Kemunto amemaliza shule na anakaa tu, anachuma mboga na kuwaza. Nimeichukua kalamu nikafuta jina la kwanza na tarehe ya kuzaliwa nikaandika vyake. Jina la ukoo ni lile lile, na mwandiko ni wako. Akisubiri nafasi chuoni, meneja amekubali aje ofisini kila alasiri kujifunza. Nitaanza na hatimkato, kama ulivyonianzisha. Kisha mashine.

Lala salama, dada. Ya hapa niachie mimi. Nakuahidi Kemunto hatafundishwa kutoka mlangoni: mimi si mkwe wake, ni mama yake. Nitaketi naye bega kwa bega, na akiogopa nitamshika mkono.

Wako,
Bosibori