Leso ya Omena

Eldoret,
Jumapili mchana

Dada yangu Perez,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe na wote wa boma hilo. Mguu wa Mama umepona? Mvua imefika huko ziwani? Huku baridi ni ya kuvaa sweta mbili, lakini mwili wangu ni mzima. Kilichonisumbua si mwili, ndiyo maana nimenyamaza muda huu wote.

Ulisikia kwamba leso niliyochora hapa kiwandani imependwa. Ni kweli. Ni ile ya omena, wametapakaa vile tulivyokuwa tukiwaanika mchangani. Sikukuu ya Madaraka kina mama wa chama waliivaa wakaimba mbele ya Mkuu wa Wilaya. Meneja wetu, Bwana Kiprono, akanishika mkono mbele ya wafanyakazi wote, chini ya picha ya Mtukufu Rais, akasema, "Risper, sasa tuletee ingine ya kuishinda hii."

Watu wakapiga makofi. Mimi nikarudi mezani kwangu bila kumtazama mtu.

Tangu siku hiyo, Dada, nikikaa mbele ya karatasi moyo unaenda mbio kama wa mtu aliyeiba. Nachora, nafuta. Najiambia ile ya kwanza ilikuwa bahati tu, sasa watajua sijui kitu. Wenzangu wananiita "mtaalamu", na wakipita wakicheka nafikiri wananicheka mimi. Chai nakunywa peke yangu. Nikitoka kanisani nakuja moja kwa moja kwa hiki chumba na kufunga mlango. Jirani yangu ni mtu mzuri, lakini tunajuana kwa "habari" na "mzuri" tu. Nitamwambia nini? Kwamba nimesifiwa na sasa usingizi umenipotea?

Mwisho nikaenda kwa Bwana Kiprono kumwomba anirudishe kule nilikoanzia, kwa wanaokunja vitambaa. Akanitazama sana.

"Watu wanalilia kazi yako, wewe unaikimbia? Nenda ufikirie. Jumatatu uniambie."

Jumamosi ilikuwa siku ya soko kule Ziwa, kijiji cha huku kisicho na ziwa lolote. Nikaenda, si kununua, kusikia tu sauti za watu. Ndipo nikaona mama mmoja anauza maziwa ya kibuyu, mtoto mgongoni amefungwa na leso yangu. Mtoto amelala fofofo, shavu lake juu ya omena wangu.

"Mama, leso yako ni nzuri," nikamwambia.

"Ee, haya majani ya mahindi yanapendeza."

"Si majani, Mama. Ni samaki wadogo wa kwetu ziwani. Mimi ndiye niliyewachora."

Akaniangalia juu mpaka chini, akaangua kicheko. "Kwani hii inachorwa na mtu? Mimi nilifikiri ni mashine!" Akamwita mwenzake wa viazi aje anione. Wakacheka wote wawili, si kwa ubaya. Nikacheka nao, halafu machozi yakanitoka palepale sokoni.

Akaacha kucheka. Akanikalisha kwenye gunia, akanimiminia maziwa.

"Umefiwa?"

"Hapana, Mama. Wanataka nichore nyingine, na ninaogopa."

Akashika pindo la ile leso, akanionyesha. "Hii imeanza kuisha rangi. Mwaka ujao ni tambara. Sasa nitambebea mtoto na nini?"

Hakuwa ananituliza, Dada. Alikuwa anauliza kweli.

Jumatatu sikumwomba Bwana Kiprono tena anihamishe. Nilichora mashamba ya Ainabkoi yakiwa yamelimwa, mstari kwa mstari, mpaka mwisho. Aliukubali mchoro huo, akaupeleka kwa watu wa rangi. Nilifurahi, lakini kabla sijafika getini nilikuwa nimeshaanza kuhesabu makosa yake. Sidhani hii hofu itaniacha. Ninafanya kazi nayo tu, imekaa kando yangu.

Nisalimie Mama, umsugulie huo mguu kwa niaba yangu. Nisalimie Mjomba Naftali mhubiri, Shemeji na baiskeli zake anazotengeneza, na watoto wako wote. Ukinijibu, tafadhali usinisifu. Vitambaa usivitaje kabisa. Niandikie nani amekuja kwako, mmepika nini, mmecheka nini. Andika mambo ya bure, andika kirefu, niwe na kitu cha kusoma polepole.

Mdogo wako anayekukumbuka kila siku,
Risper