Halua kwenye Kaburi la Keyvan

Borujerd, tarehe 4, mwezi wa Mehr

Mwanangu Farzin,

Salaam. Hujambo? Kifua kimepoa? Mimi mzima, ila magoti tu.

Kila Alhamisi naenda kwenye kaburi la Keyvan. Naliosha jiwe kwa maji ya waridi, nagawa halua. Jana mama yake, Bi Turan, alinikuta. Hakunitambua, mahakamani nilijifunika hadi puani. Akasema, "Mungu akubariki, dada," akala, akasoma Fatiha. Amekula cha mkono wangu, mwanangu! Kwa sheria, mama wa uliyemuua peke yake ndiye wa kukusamehe, au kukivuta kiti unyongwe. Sasa atawezaje kukivuta kiti ukiwa na kamba shingoni?

Mama yako

Gerezani, 12 Mehr

Mama,

Shikamoo. Kifua kimetulia. Lakini umefanya nini, mama? Huo ni mtego. Mwambie wewe ni nani. Kila alfajiri Keyvan huja, hukaa miguuni pangu akimenya mbegu za alizeti. Naogopa.

Mwanao

Borujerd, 27 Mehr

Mwanangu,

Salaam. Unalala? Mimi silali.

Nilimwambia. Alitia vidole kooni, akanifukuza kwa ufagio. "Mchawi wewe! Unanilisha juu ya kaburi la mwanangu mliyeniulia!" Nilistahili. Alhamisi iliyofuata alinitangulia. Bila kunitazama akasema, "Muulize mwanao, Keyvan alisema nini mwisho."

Andika kitu kizuri, baba. Andika kwamba alikusamehe. Nakusihi.

Mama yako

Gerezani, tarehe 5, mwezi wa Aban

Mama,

Shikamoo. Wamenihamishia chumba cha peke yangu. Unajua maana yake.

Mpe Bi Turan barua hii kama ilivyo. Mahakamani nilidanganya kwamba Keyvan alinitukana. Alikuja tupatane, mkono ameunyoosha. Nilipomchoma kisu alisema, "Farzin, mbona?" Basi. Hakunisamehe. Hakupata nafasi.

Mwanao

Gerezani, 19 Aban

Mama,

Shikamoo. Ni mimi, usizimie.

Jana walinipandisha kitini. Bi Turan akakishika kiti kwa mikono miwili. Afisa akamwuliza, "Unasamehe au unavuta?"

"Mnanipa muda gani?"

"Hadi jua lichomoze."

Akakaa sakafuni, kiti amekikumbatia. Nilimsikia akihema chini ya miguu yangu. Jua lilipotoka akasema, "Kuvuta sijaweza. Na kusamehe sijaweza." Wakanirudisha. Watamwita tena mwezi ujao.

Mama, usimpelekee kitu. Usimwombe. Alhamisi mpishe, akae na mwanawe.

Mwanao